Kumwalika mtaalamu wa afya ya akili kwenye kikao cha klabu: mwongozo kamili kwa mwandaaji

Kikao cha kwanza cha afya ya akili nilichokiandaa katika klabu yetu kilijaza ukumbi. Watu 41, viti vikaazimwa chumba cha pili, picha zikatoka nzuri. Kwenye maswali akasimama mama mmoja, mgeni wa mwanachama, akauliza kuhusu mwanawe aliyeacha chuo na kujifungia ndani miezi minne. Alimtaja kwa jina. Mtaalamu alimjibu kwa upole na kwa ufasaha. Ilipofika Jumamosi, habari za kijana yule zilikuwa zimefika saluni, kwa fundi cherehani na kwenye kundi la WhatsApp la mtaa. Mama hakurudi tena kwetu. Kosa halikuwa lake wala la mtaalamu. Lilikuwa langu mimi niliyepanga kikao.

Tangu siku ile nimeandaa vikao vingine vya namna hiyo, na haya ndiyo ninayoyafanya sasa. Nimeyaandika kwa ajili ya klabu za huduma kwa jamii kama Rotary, Rotaract na Lions, ila kikundi cha akina mama au umoja wa vijana wa msikitini au kanisani wanaweza kuyatumia bila kubadilisha mengi.

Jambo moja linabeba mengine yote: kikao hiki unamwandalia mtu mmoja aliyekaa kiti cha nyuma. Anaumwa, au anauguza, na hajamwambia mtu. Humjui, na usijaribu kumtafuta. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 mtu 1 kati ya 8 duniani alikuwa akiishi na tatizo fulani la afya ya akili. Kwenye ukumbi wa watu 40 hesabu hiyo inatoa watano, na hapo hujawahesabu wake, waume na wazazi wanaokesha nao. Kila unapokwama kwenye uamuzi, jiulize: huyu wa kiti cha nyuma atatoka na nini?

Amueni mada, na iwe nyembamba

"Afya ya akili" ni pana mno kuwa mada ya kikao. Mtaalamu akiambiwa azungumzie afya ya akili kwa dakika 25, atafafanua maana, atataja aina za magonjwa na dalili, kisha muda utakwisha. Watu watapiga makofi na kwenda nyumbani na walichokuja nacho.

Wiki tano kabla, pitisha vikaratasi visivyo na majina kwenye kikao cha kawaida. Swali liwe moja: "Ni jambo gani la moyo au la mawazo linaloisumbua nyumba yako au kazi yako sasa hivi?" Usiliulize kwenye kundi la WhatsApp, maana huko kila jibu lina jina. Mara ya mwisho tulipofanya hivyo, nilitegemea majibu mengi yawe ya msongo wa kazini. Yaliyorudi kwa wingi yalihusu pombe za ndugu na wazazi waliozeeka wanaoanza kupotea njia ya nyumbani. Tukachagua la pili, na kikao kikawa tofauti kabisa na nilichokuwa nimekipanga kichwani.

Mada nyembamba zinazobeba dakika 25 vizuri: sonona (huzuni nzito isiyoisha) ya mama aliyejifungua, kijana aliyemaliza chuo na hana kazi, kumuuguza mtu mwenye skizofrenia (ugonjwa unaomfanya mtu asikie sauti au aamini mambo yasiyokuwepo) bila wewe mwenyewe kuvunjika, pombe na hasira ndani ya ndoa, namna ya kumkaribia mtu unayehisi anawaza kujiua. Chagueni moja.

Tarehe

Oktoba 10 ni Siku ya Afya ya Akili Duniani, inayoadhimishwa tangu 1992, na Septemba 10 ni siku ya kuzuia kujiua. Klabu nyingi hukimbilia tarehe hizo, na wataalamu ni wachache, kwa hiyo utapata mtu aliyechoka, mwenye mialiko mitatu wiki hiyo. Mimi hupenda mwishoni mwa Januari. Ada za shule zimebana, kodi ya nyumba inadaiwa, watu wanaubeba mzigo huo wakati huohuo. Angalia pia Ramadhani, usije ukaweka kikao saa ya futari.

Nani wa kumwalika

Hapa ndipo klabu nyingi hukosea kwa nia njema: zinatafuta jina kubwa. Tofautisha kwanza kazi za watu.

Daktari bingwa wa magonjwa ya akili ametibu wagonjwa wodini, anaandika dawa, anaweza kusema kwa uhakika dawa fulani inafanya nini mwilini. Mwanasaikolojia tiba humsaidia mtu kwa mazungumzo yenye mpangilio na vipimo vya kisaikolojia. Mshauri nasaha husikiliza na kuongoza, na kiwango cha mafunzo yake kinaweza kuwa shahada au kozi ya wiki chache, kwa hiyo uliza. Afisa ustawi wa jamii anazijua familia, mashauri ya watoto na njia za msaada wa serikali. Muuguzi wa afya ya akili wa hospitali ya wilaya ndiye anayekutana na watu wengi kuliko hao wote, na ndiye anayesahaulika.

Ukiniuliza mimi, anza na muuguzi huyo. Anajua kliniki inafanyika siku gani, dawa zipi zinakosekana, mgonjwa anatumia nauli kiasi gani kufuata sindano yake ya kila mwezi. Anaongea lugha ya watu maana ndiyo kazi yake ya kila asubuhi. Daktari bingwa mwalike kama mada yenyewe inamhitaji, kwa mfano dawa au magonjwa ya uzeeni.

Hakikisha usajili kabla ya kutangaza jina. Tanzania madaktari wapo chini ya Baraza la Madaktari Tanganyika, wauguzi chini ya Baraza la Uuguzi na Ukunga. Kenya washauri nasaha na wanasaikolojia wana bodi yao kwa sheria ya 2014. Kumuuliza mtu namba yake ya usajili si kumvunjia heshima, na mwenye nayo hukupa bila kununa. Mhamasishaji anayeahidi kuponya sonona kwa siku saba usimpe kipaza sauti hata kama ni rafiki wa rais wa klabu.

Vipi kuhusu mtu aliyewahi kuugua na kupona? Huyu anaweza kugusa mioyo kuliko mtaalamu yeyote. Lakini aje na mtaalamu, aje kwa hiari yake, na asiwe mwanachama mliyemshawishi mwezi huo. Mwambie mapema kwamba anaweza kughairi hata akiwa mlangoni na hakuna atakayemuuliza sababu. Fahamu pia sheria inasemaje: Tanzania Bara, kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa. Kenya walikuwa na kifungu kama hicho, cha 226, mpaka Mahakama Kuu ilipokitangaza kuwa kinyume cha katiba Januari 2025. Kumwomba mtu asimame mbele ya ukumbi Dar es Salaam asimulie jaribio lake si sawa na kumwomba asimulie alivyopona malaria.

Kuhusu malipo: klabu nyingi hazilipi wasemaji. Sawa, ila muuguzi anayekuja kwa daladala mbili baada ya zamu mpe nauli ndani ya bahasha, mpe chakula, na apatikane wa kumrudisha usiku. Asilazimike kuomba.

Mazungumzo ya kabla

Barua rasmi ipitie kwa mkuu wa hospitali au wa idara, maana mtumishi wa umma anahitaji ruhusa. Baada ya hapo mpigie mwenyewe mgeni, zungumzeni hata nusu saa. Ujumbe wangu wa kwanza huwa hivi:

"Habari za kazi, Sista. Mimi ni mratibu wa vipindi wa klabu yetu. Tunaomba utuzungumzie namna ya kumuuguza mzazi anayepoteza kumbukumbu. Wasikilizaji ni watu kama 40, wengi wafanyabiashara na waajiriwa wa miaka 30 hadi 60. Una dakika 25, kisha dakika 20 za maswali yatakayoandikwa kwenye karatasi. Tunaomba ubaki nusu saa baada ya kikao kwa atakayetaka kukuona pembeni. Naweza kukupigia kesho jioni tuzungumze?"

Kwenye simu mwambie mambo ambayo barua haiyabebi. Kwamba slaidi si lazima, na akiwa nazo zisizidi tano. Kwamba asitoe mfano wa mgonjwa anayeweza kutambulika mjini kwenu, hata bila jina. Mji ni mdogo. Kwamba amalizie kwa kutaja mahali pa kwenda, siku na saa. Na mwandae kwa maswali ambayo lazima yatakuja: Je, si mapepo? Je, si kurogwa? Dawa hizi hazimfanyi mtu mtumwa? Kifafa nacho ni ugonjwa wa akili? Hili la mwisho huulizwa sana kwetu, na chanzo chake kinaeleweka. Kifafa hutokana na hitilafu ya umeme wa ubongo, ila wagonjwa wengi hufuata dawa zao kwenye kliniki ileile ya afya ya akili.

Kwenye swali la mapepo mwombe mgeni asimcheke mtu wala asishambulie imani. Familia nyingi hufika kwa shehe, mchungaji au mganga kwanza, na hospitali huja mwishoni. Jibu lililowasaidia watu ukumbini kwetu lilikuwa fupi: endeleeni na dua, na kesho asubuhi mleteni kliniki. Mama mmoja aliandika sentensi hiyo kwenye kiganja.

Maneno ya siku hiyo

Kaeni na rais wa klabu, sajenti (mwanachama anayesimamia nidhamu ya kikao na kutoza faini za utani) na atakayemtambulisha mgeni, mkubaliane juu ya lugha. Chizi, kichaa, mwehu, mwendawazimu, hayo yote yabaki nje. Neno wazimu lenyewe lina mzimu ndani yake. Yaani lugha imekwisha kumhukumu mgonjwa kabla hajafungua mdomo. Vivyo hivyo majina ya hospitali. Mirembe ya Dodoma, Mathari ya Nairobi na Kidongo Chekundu ya Zanzibar ni mahali pa tiba, lakini mitaani watu hutumia majina hayo kutukanana. Mwenye dada aliyelazwa huko amekaa kati yenu.

Kuhusu kifo, sema "amefariki kwa kujiua" na uishie hapo. Sisi waongeaji wa Kiswahili tuna tabia ya kuitaja njia ndani ya kitenzi chenyewe, na habari za redio zimetuzoesha hivyo. Kutaja njia kunaweza kumpa wazo mtu ambaye tayari yuko ukingoni. Pia tusiseme "alijaribu ikashindikana" wala "alifanikiwa". Kufa si kufaulu.

Tena, wengi wakisikia "akili" wanafikiri unapima werevu wao. Kwenye tangazo la kikao mimi huandika usingizi, hasira, huzuni, mawazo mengi. "Ana mawazo" ndivyo tunavyosema wenyewe juu ya mtu aliyezama. Washona wa Zimbabwe nao wana neno lao, kufungisisa, kufikiri kupita kiasi, na daktari Dixon Chibanda alilishika hilo mwaka 2006 pale Mbare, Harare, alipoanza kuwafunza bibi 14 kukaa na wagonjwa kwenye benchi la mbao nje ya zahanati. Benchi hilo, lililoitwa Benchi la Urafiki, likakua, na utafiti uliochapishwa 2016 ukaonyesha kwamba linapunguza dalili za sonona. Lilianza kwa kutumia neno ambalo watu walikuwa nalo tayari.

Ukumbi

Viti viwe nusu duara. Mlango wa nyuma uachwe wazi ili mtu atoke bila kupita mbele ya wenzake. Tafuta chumba kidogo kando, chenye viti vitatu, maji na tishu, na kisiwe jikoni. Jaribu kipaza sauti mapema.

Ratiba

Kwa kikao cha jioni, huu ndio mpangilio uliotufaa:

Saa 12:30, kengele, wimbo wa taifa, kukaribisha wageni.
Saa 12:38, taarifa za klabu, faini za sajenti na michango ya furaha, ile anayoitoa mwanachama akitaja jambo lililomfurahisha.
Saa 12:50, kumtambulisha mgeni, dakika mbili tu.
Saa 12:52, mada.
Saa 1:17, kimya cha kuandika maswali, dakika tatu.
Saa 1:20, majibu.
Saa 1:40, shukrani, kengele. Mgeni anabaki mpaka saa 2:10.

Faini za sajenti zikae kabla ya mada, na pawe na nafasi katikati. Napenda utani wa sajenti, ndio unaotufanya tuwe ndugu. Lakini ukifuata mara tu baada ya mtu kusikia habari za ugonjwa wa mwanawe, ukumbi unacheka na yeye anajifunga tena. Sajenti wetu siku hizi hufuta faini zote za jioni hiyo kwa wanaume waliokuja na wake zao, na huishia hapo.

Anayetambulisha asisome wasifu wote. Jina, kazi, anapopatikana. Kisha aseme maneno haya, nayo asiyaruke: "Kinachosemwa humu kuhusu mtu yeyote kisitoke humu. Ukihisi kuzidiwa, toka tu, fulani yupo pale nje. Hakuna atakayeombwa kusimama kueleza habari zake."

Rais wa klabu akitaka kuongeza neno, aongeze lake mwenyewe. Gordon McInally kutoka Uskoti, aliyekuwa rais wa Rotary International mwaka wa 2023–24, aliipa afya ya akili kipaumbele na alieleza hadharani kwamba ndugu yake alifariki kwa kujiua. Kiongozi akitangulia, wengine hupumua. Wanachama wetu wengi, hasa wanaume, wamelelewa kufa na tai shingoni: biashara imeanguka, mkopo unadaiwa, na shati bado limepigwa pasi.

Maswali

Sasa nirudi kwa yule mama wa mwanzo. Siku hizi hakuna anayenyanyua mkono. Kila mtu anapewa karatasi na kalamu, na kila mtu anaandika, hata asiye na swali aandike "asante", ili asijulikane nani ameuliza. Karatasi zinakunjwa, zinaingia kwenye kikapu, mratibu anazisoma kimya na kuzipanga wakati mgeni anakunywa maji.

Kazi ya mratibu hapo ni nzito kuliko inavyoonekana. Ondoa majina. Swali kama "mke wangu anayefanya kazi benki hajalala wiki tatu" likisomwa lilivyo, nusu ya ukumbi inajua ni nani. Lisome hivi: "mtu akikosa usingizi wiki tatu, aanzie wapi?" Yanayofanana yaunganishe. Yenye dalili ya hatari yatangulie. Swali linalotaja njia ya kujiua usilisome kabisa, mpe mgeni karatasi hiyo mkononi, naye atasema kwa wote: "Kuna aliyeniandikia jambo ambalo ningependa tuzungumze wawili, nitakuwa chumba cha pembeni."

Akitokea mtu akasimama na kuanza kusimulia, usimkatize kwa ukali. Msogelee, mwambie kwa sauti ya chini kwamba mgeni amemtengea muda, na mtoke naye.

Mtu akisema amechoka kuishi

Panga hili kabla, andika majina. Watu wawili, mwanamke na mwanaume, wakae karibu na mlango wa nyuma. Wasiwe wanaopenda kutoa mawaidha. Kazi yao ni kutoka na anayetoka, kukaa naye, kumpa maji, kunyamaza.

Mtu akisema amechoka, anataka kupumzika moja kwa moja, au kwamba watoto watakuwa salama zaidi bila yeye, muulize wazi: "Je, unawaza kujiua?" Watu huogopa kwamba swali hilo litampandikizia wazo. Halipandikizi. Mara nyingi ndiyo mara ya kwanza mtu amepata ruhusa ya kulisema. Akikubali, mwite mtaalamu mara moja na usimwache peke yake hata kwenda chooni. Muulize ni nani nyumbani anayemwamini, mpigieni pamoja. Usiku huohuo apelekwe hospitali kwa gari la mwanachama, na mtu akae naye mpaka aonwe. Usimwahidi kutunza siri ya hatari. Mwambie utawaambia wachache tu wanaoweza kumlinda.

Kadi ndogo ya namba iwe mkononi mwa kila mtu anapoondoka: kliniki ya afya ya akili ya hospitali yenu, siku zake na saa zake, na simu ya idara. Kwa watoto, Tanzania na Kenya zote hutumia 116. Kenya kuna pia 1199 ya Msalaba Mwekundu. Siku mbili kabla, piga mwenyewe kila namba uliyoiandika. Namba isiyopokelewa ifute.

Picha

Mgeni na rais wa klabu, kabla ya mada, basi. Ukumbi usipigwe picha wakati wa maswali. Taarifa za afya ya mtu ni taarifa nyeti kwa sheria, Tanzania kwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 na Kenya kwa ile ya 2019.

Wiki zinazofuata

Kesho yake asubuhi mpigie mgeni. Mshukuru, kisha muulize watu wangapi walimfuata pembeni. Idadi tu, si majina. Hiyo ndiyo takwimu ninayoiandika kwenye ripoti ya klabu, mbele ya mahudhurio.

Muulize pia idara yake inakosa nini, na msikilize mpaka mwisho kabla ya kuahidi. Tulikwenda na wazo la kuchangia mashuka. Muuguzi akatuambia wagonjwa wake wanaacha sindano kwa kukosa nauli, kisha wanarudi wakiwa wamezidiwa. Basi tukaanzisha mfuko mdogo wa nauli anaousimamia yeye mwenyewe, na sisi hatujui majina ya wanaonufaika.

Wiki tatu baadaye omba dakika tano za kikao cha kawaida. Rudia siku na saa za kliniki, gawa kadi zilizobaki. Kuna mtu aliyeitupa yake njiani akiogopa kukutwa nayo mfukoni, na safari hii ataichukua. Vikaratasi vya maswali ambavyo havikujibiwa mpe mgeni aandike majibu mafupi yasiyo na majina ya kusomwa siku hiyo, kisha vichome vyote, vikiwemo vilivyoandikwa "asante".